Usiandike "jambazi" kabla hujaulizwa kafanya nini

Nina steshenari ndogo Newala, karibu na stendi. Natoa fotokopi, napiga lamini, na zaidi ya yote nachapa barua za watu. Msimu wa korosho ukiingia, barua nyingi ninazochapa ni za malalamiko: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji wa kata, kwa bodi ya chama cha msingi cha ushirika, kwa polisi, kwa mahakama ya mwanzo. Watu huja na neno kabla ya habari. Mtu hajakaa vizuri kwenye benchi, keshasema, "Andika mwanangu, huyu ni jambazi." Nami nauliza, kafanya nini, babu? Hapo kazi ndipo inapoanza, maana tukimaliza kusimuliana, jambazi kageuka kuwa jirani aliyeazima bomba la kupulizia dawa na mpaka leo hajalirudisha.

Haya ni kwa yeyote anayetaka kumwandika mtu asiye mwema, iwe kwenye barua, kwenye muhtasari wa kikao au kwenye grupu la ukoo. Kiswahili kina maneno tele ya kazi hiyo, na karibu kila neno limebeba kitendo chake tumboni. Ukilitumia bila hicho kitendo, msomaji wa ofisini anaambulia kitu kimoja tu, kwamba umekasirika. Na hasira haifunguliwi jalada.

Mali ilitokaje mkononi mwako?

Kwa mambo ya mali, jiulize hilo kwanza. Kama ilichukuliwa bila wewe kuitoa, ni wizi, na aliyechukua ni mwizi. Mdokozi naye ni mwizi, lakini wa ndani na wa vitu vidogo: kipande cha samaki kwenye sufuria, mia tano juu ya kabati. Aliyebeba gunia zima la korosho ukimwita mdokozi umempunguzia. Mtoto wa dada yako aliyedokoa nyama ukimwita mwizi mbele ya wageni umemzidishia, na dada yako hatasahau. Kibaka ni wa njiani. Anachomoa simu stendi au mnadani na kupotelea kwenye watu.

Mnyang'anyi katumia nguvu au vitisho. Hili lipime vizuri kabla halijatua kwenye karatasi, kwa sababu unyang'anyi wa kutumia silaha kwa sheria zetu za Tanzania ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ukiandika "alininyang'anya baiskeli" wakati kisa chenyewe ni kwamba aliikuta imeegeshwa akaondoka nayo, wakili wa upande wa pili atakufurahia sana. Jambazi ni silaha, kundi na mpango. Sijui kwa nini hili ndilo neno linalowajia watu haraka kuliko yote.

Kama mali uliitoa mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu ulidanganywa, huyo ni tapeli. Mtu aliyetapeliwa huona haya kukiri kwamba alitoa kwa mkono wake, ndiyo maana huja kwangu akisema "kaniibia". Kubali tu kwamba ulitoa, na ueleze alikuambia nini mpaka ukatoa. Ule ujumbe wa simu tunaoujua wote, "ile pesa itume kwenye namba hii", uangalie jinsi ulivyosukwa. Uongo wote umekaa kwenye neno "ile". Mtumaji anajifanya mna mazungumzo tayari, na kuna siku kweli unadaiwa ada au kodi ya chumba, ujumbe unaingia wakati huohuo, unatuma. Ujumbe wa namna hiyo usiufute kwa hasira. Upeleke kwenda 15040, namba inayopokea taarifa za matapeli wa simu, na kwenye barua uunakili neno kwa neno pamoja na namba na saa. Kwenye majalada utakuta wameandika "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu". Maneno hayo ukienda nayo mwenyewe, maelezo yako yataandikwa upesi zaidi kuliko ukienda na "tapeli" tupu.

Laghai ni ndugu yake tapeli, ila laghai anaweza asiwe amepata kitu bado. Anakulainisha. Kishoka ni yule anayejifanya fundi umeme, afisa ardhi au mwanasheria wakati si mtu wa ofisi yoyote. Hili ofisi zenyewe zinalitumia, kwa hiyo andika bila wasiwasi. Msanii, kwa maana ya mtaani ya mtu wa ahadi na danadana, libaki kijiweni. Ukiliandika kwa mkuu wa wilaya atatafuta amekuimbia nini.

Aliyeaminiwa

Sasa tuje kwenye lile linalojaza benchi langu. Huyu hakuja usiku, hakukudanganya kwa simu, hakukushikia panga. Mlimchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, mkampa kitabu, kalamu na ufunguo wa ghala. Fedha au mzigo uliwekwa kwake, akaula. Neno lake ni mbadhirifu, na kitendo ni ubadhirifu. Ni neno la wakaguzi wa vyama, halina kelele, na ndiyo maana linauma. Mahakamani kuna na "wizi wa kuaminiwa", lakini huo waachie wao waupe jina.

Alikuja mzee mmoja kutoka kijiji cha huku bondeni, kofia mkononi, anataka niandike kwamba karani wa chama chao ni jambazi, shetani na mla watu. Nikamwambia sawa babu, tutayafikia hayo, kwanza nionyeshe karatasi. Akatoa stakabadhi imekunjwa mara nne. Nikauliza mzani ulisoma ngapi. Alikuwa anakumbuka, maana alikwenda na mjukuu anayesoma sekondari, na mjukuu aliandika kwenye simu. Barua ikatoka hivi:

"Nilipima magunia mawili ya korosho daraja la kwanza. Mzani ulisoma jumla ya kilo 163, na mjukuu wangu alishuhudia. Stakabadhi niliyopewa palepale inaonyesha kilo 151. Nilipomuuliza karani, alijibu kuwa tofauti hiyo ni unyaufu. Naomba bodi inieleze kilo 12 zimekwenda wapi."

Hamna shetani hapo wala mla watu. Lakini isome tena. Unyaufu ni jambo la kweli. Korosho ikilala ghalani inakauka na uzito unashuka, kila mkulima anajua. Ila korosho hainyauki kati ya mzani na biki. Sentensi hiyo ya mwisho mzee aliisema mwenyewe akacheka, nami sikuiandika, kwa sababu mwenyekiti yeyote akisoma "palepale" ataifikia peke yake. Ukiwa na kitendo kilichonyooka namna hii, neno la sifa linakuwa mzigo. Liache.

Mtaani mbadhirifu anaitwa mpigaji. Kapiga hela, kuna upigaji, wamepiga dili. Tamu kulisema, lakini lina ubaya wake: linamfanya mwizi aonekane hodari. Vijana wanalitamka kwa kutabasamu. Nikiletewa "upigaji" naubadilisha kimyakimya kuwa "ubadhirifu", na tabasamu linaondoka.

Kangomba na mlanguzi

Huku kwetu huwezi kuandika juu ya watu wasio waaminifu ukaikwepa kangomba. Kwa msomaji wa mbali: tangu 2007 korosho yetu inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka chamani, inakwenda ghala kuu, inauzwa kwa mnada, fedha inaingia benki. Kangomba ni kununua nje ya njia hiyo, kwa vipimo visivyo rasmi na bei ya kutupa, mara nyingi kabla mnada haujafunguliwa, nyumba haina unga na shule zinadai michango. Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba, wakulima walihakikiwa mashamba ili kangomba wajulikane, na neno likasikika nchi nzima.

Tatizo lake ni kwamba linawabeba watu wawili wasiofanana. Yupo mwenye fuso na magunia mia, anayezunguka vijiji na noti. Yupo pia shangazi wa jirani aliyekupa elfu ishirini mtoto alipougua, mkakubaliana utamlipa kwa korosho. Wote ni kangomba mdomoni mwa watu. Mimi wa kwanza namwandika mlanguzi, maana kulangua ndiko huko, kununua kwa bei ya shida ya mwenzako ukauze kwa bei ya shida ya mwingine. Ni neno zito. Wenye umri wanakumbuka 1983, msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, mlanguzi alivyokuwa akisakwa. Wa pili, kama lazima aandikwe, andika alichofanya na kiasi alichotoa, jina la tabia usimpe. Na usimchanganye mlanguzi na dalali au mchuuzi. Hao wana kazi yao, hata kama mtu anaweza kuyatamka majina hayo kwa kubetua mdomo.

Fisadi

Hili linategemea umri wa msomaji wako. Vijana wakisikia fisadi wanaona mkubwa aliyekula fedha za umma. Maana hiyo ilishika kasi baada ya Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa aliposoma orodha yake ya vigogo aliowatuhumu ufisadi, pale Mwembe Yanga, Temeke. Lakini kwa wazee wa pwani, Mikindani, Lindi na Kilwa, fisadi wa zamani ni mwanamume anayeharibu wake za watu. Kwa hiyo ukimwandikia mzee wa baraza mwenye miaka themanini kwamba mwenyekiti wa mtaa ni fisadi, jiandae kuulizwa ni mke wa nani.

Rushwa iandike kwa tarakimu. "Aliomba chai" ni lugha ya kupita. "Aliomba shilingi 20,000 ndipo agonge muhuri" ni malalamiko. Na kama alichoomba si fedha bali mwili, usitafute tafsida. Rushwa ya ngono ina kifungu chake kwenye sheria ya rushwa ya 2007, na ukiandika "alikuwa na tabia zisizofaa" umemsaidia yeye.

Ni, ali-, hu-

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kiambishi kimoja kinaweza kuiangusha barua nzima. "Alinitapeli" ni tukio moja. Unahitaji siku, mahali na kiasi. "Hutapeli watu" ni mazoea. Sasa unadaiwa watu wengine waliotapeliwa, nao wakubali kusimama. "Ni tapeli" umemfunga nalo mpaka kaburini. Wateja wangu karibu wote hupenda la tatu na ushahidi walionao ni wa la kwanza. Shika ali-. Ukipata wenzako wawili watatu wenye kisa kama chako, kila mmoja aandike ali- yake, mzibane pamoja kwa pini, na hiyo hu- itajisoma yenyewe.

Vivyo hivyo, "amefanya uhuni" ni afadhali kuliko "ni mhuni". Tena mhuni ni neno la uvivu. Mlevi ni mhuni, asiyeoa ni mhuni, anayesuka nywele ni mhuni, anayepiga muziki usiku mhuni. Nikiletewa mhuni nauliza mara tatu. Ukubwa nao una ujanja wake: mtu unaweza kumkuza kwa dharau, jizi, jitu, lile zee. Kinywani inanoga, kwenye karatasi inaonyesha dharau yako na kosa lake linasahaulika.

Wa mdomoni

Kesi za maneno ni nyingi kuliko za korosho, hasa kwenye vikundi vya akina mama vya kukopeshana. Mbea anapeleka habari, ya kweli au ya uongo, kwa sababu haiwezi kulala tumboni mwake. Mzushi anaitunga. Mchonganishi anakwenda kwako na neno moja na kwa mwenzako na jingine, ili mgombane; mfitini anafanya hayohayo kwa mpango mrefu zaidi, na mara nyingi ana anachokitaka mwishoni. Mnafiki anakuchekea huku moyoni kakununia. Ndumilakuwili anatumikia pande mbili, na kila upande unadhani ni mtu wao. Mzandiki ni mnafiki aliyekomaa; vijana hawalijui tena, wazee wa msikitini wanalijua vizuri mno.

Tofauti hizi zina kazi. Mweka hazina wa kikundi aliyesema kweli tupu kwamba fulani hajarejesha mkopo, ukimwita mzushi utaumbuka kitabu kikifunguliwa. Labda ni mbea kweli. Labda hata si mbea, ndiyo kazi mliyompa.

Siyachapi haya

Malaya, kahaba, changudoa, kiruka njia. Wanawake wenzangu wanakuja na machozi wanataka niyaandike juu ya mwanamke mwingine, na mume aliyefanya mambo yenyewe hatajwi hata kwa jina. Mwanamume wa namna hiyo akipewa jina sana ataitwa mkware, au kijogoo, ambalo ni nusu ya sifa. Mimi naandika: "Mume wangu ana uhusiano wa kimapenzi nje ya ndoa, na tangu hapo hatoi matumizi ya watoto." Ustawi wa jamii watashughulika na matumizi. Na umalaya wa fulani wakaupeleke wapi?

Fataki lilikuwa neno zuri. Lilitoka kwenye kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, juu ya mababa wanaonyemelea wanafunzi, na linachekesha kidogo, ndiyo nguvu yake: lilimwaibisha mtu kijiweni bila ngumi. Lakini kama mtoto keshapata mimba, kicheko basi. Andika "amempa mimba mwanafunzi", jina la shule na kidato. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kosa hilo ni miaka 30.

Lipo na hili la kwetu, ambalo mgeni anaweza kulitamka bila kujua uzito wake. Kumwambia mwanamke mtu mzima kwamba hakuchezwa, au hakufundwa, yaani hakupitishwa unyagoni, hujamtukana yeye peke yake. Umemgusa mama yake, umemgusa somo wake aliyemfunda na kila aliyekaa naye unyagoni. Nimeona vikao vya ndoa vikivunjika kwa neno hilo, watu wakiwa wamekwisha kubaliana mahari. Mkwe akisema hana adabu, yanazungumzika. Akisema hakufundwa, bibi mmoja atasimama kufunga kanga vizuri, na hapo hakuna wa kumkalisha.

Na mchawi. Sichapi, hata uongeze hela. Sheria ya Uchawi ipo tangu ukoloni, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa lako wewe mtuhumu. Huko nje wazee wameumizwa kwa neno hilo tu. Kama mtu alikutishia, andika tishio lake: "Alisema mbele ya fulani kwamba mwaka huu sitavuna." Hilo lina mashahidi.

Ya kufunika

Kwenye baraza la wazee utasikia lugha nyingine kabisa. Fulani ana mkono mrefu: anaiba. Ana mkono wa birika: mchoyo. Mkavu wa macho: hana haya hata akishikwa. Ana ndimi mbili. Amekubuhu. Mwanetu huyu si riziki. Kwa wanaokaa jirani na watakaozikana, lugha hii ndiyo inayofaa, maana inamwachia mtu mlango wa kurudi. Mtu akishaambiwa "mkono wako mrefu kidogo" na babu yake anaweza kurudisha redio usiku, na asubuhi hakuna aliyeona kitu. Mtani wako msibani anaweza kukuita mwizi na mlafi mbele ya watu wote ukacheka, na hilo nalo usije ukalileta kwangu nilichape. Ila kwenye barua, mkono mrefu haueleweki. Ukishaamua kuandika, umeshafunga ule mlango. Basi andika kitendo.

Kwenye simu ndiyo kuwe na tahadhari zaidi. Kumpiga mtu picha na kuirusha grupu lenye watu mia mbili, na "TAPELI" kwa herufi nyekundu, kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika hata na grupu la ukoo, na kesi ya kashfa haihitaji gazeti. Kama ni kuwatahadharisha wenzako, weka ule ujumbe wa tapeli kama ulivyo, na picha uliyompiga kwa hasira usiirushe.

Mwisho, mtu wako mwenyewe umwite nani ndani ya barua? Hilo hutegemea dirisha unalopeleka. Baraza la kata, yeye ni mlalamikiwa na wewe ni mlalamikaji. Polisi, ni mtuhumiwa. Akishafikishwa mahakamani na kusomewa shtaka, ni mshtakiwa. Kwenye kesi ya madai, kama unamdai fedha tu, yeye ni mdaiwa na wewe mdai, hata kama moyoni unamjua kwa jina jingine. Ukiyachanganya, karani atakurudishia karatasi dirishani, nami kurasa hizo nitakuchaji upya, maana wino umepanda bei.